Browser ya suti na browser ya macawiis: siku nilipomwambia mama wa watu "hayupo"

Wakuu, asalaam aleikum, na wale wa salamu nyingine hamjambo.

Nimefuatilia ule mjadala wenu wa tangu Jumatatu: browser ipi bora, ile nyepesi isiyo na makuu, au ile unayoichezea settings mpaka mwenyewe unaisahau. Nimeona watu wazima na ndevu zao wanatukanana kwa sababu ya tabs. Nikasema ngoja nami nifungue uzi wangu, maana swali hilo lilinikuta Garissa mwishoni mwa miaka ya tisini na likaniaibisha vizuri sana.

Ninayosimulia yamenitokea. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu wahusika wengine bado wapo na nisingependa kupigiwa simu.

Basi bwana.

Nilikuwa nimetoka Nairobi kusomea kompyuta miezi kadhaa, nikarudi nyumbani Garissa najiona profesa. Haji, mzee mmoja aliyekuwa na duka la simu, faksi na fotokopi karibu na soko, akaniajiri. Kompyuta zilikuwa mbili, moja yake na moja yangu, na laini ya mtandao moja tuliyokuwa tunapokonyana.

Mwaka kamili siukumbuki. Ilikuwa baada ya zile mvua za El Niño zilizokata barabara ya Nairobi tukakaa bila sukari.

Vijana wa siku hizi hamtaelewa. Internet ilikuwa ni kupiga simu Nairobi. Modemu inalia, unasubiri, inalia tena. Unaweza kufungua ukurasa, ukaenda kuswali adhuhuri, ukarudi ukakuta umefika nusu.

Sasa kwenye kompyuta ya Haji kulikuwa na browser ya kawaida. Ukurasa mweupe, maandishi meusi, kishale cha kwenda mbele na cha kurudi nyuma. Kwisha habari.

Mimi hiyo niliidharau. Rafiki yangu wa Nairobi alikuwa amenipa browser nyingine kwenye diskette moja, na hiyo ilikuwa inakubali kila kitu. Nikageuza ukurasa uwe mweusi, maandishi ya kijani. Nikayafanya madogo ili mengi yaingie kwa pamoja. Nikazima picha. Nikaficha menyu zote, kwa nini nione menyu wakati nazijua? Nikaweka kitufe changu cha Tafuta pale juu. Halafu kila herufi nikaipa kazi yake: B inarudi nyuma, P inachapisha, X inafunga dirisha.

Wiki mbili nzima nilikuwa naipamba hiyo browser. Hata kaka yangu aliyekuwa anajiandaa kuoa hakujipamba vile.

Nilimwandikia Haji zile herufi kwenye karatasi, nikaibandika ukutani. Siku moja nimeenda kula, mwalimu mmoja wa sekondari yuko kwenye mashine yangu, anataka kuchapisha majibu ya chuo aliyoyasubiri asubuhi yote. Haji amesimama nyuma yake anamsomea karatasi.

"Bonyeza bii, mwalimu. Bii ndiyo inatoa karatasi."

Wakuu, kwa wasiotujua: sisi Wasomali herufi P hatuna. Kinywani mwa Haji, P na B ni ndugu wa tumbo moja. Mwalimu wa watu akabonyeza B, na majibu ya chuo yakarudi yalikotoka.

Niliporudi Haji alinigombeza kwa Kiswahili. Alipenda kunigombeza kwa Kiswahili ili wateja wa ofisi za serikali waelewe kwamba duka lina nidhamu.

"Hii kitu yako ni suti," akasema. "Fundi ameshona kwa mwili yako wewe. Wewe ukienda kula, nani ataingia ndani? Mimi nataka kitu kama macawiis. Mtu nene anafunga, mtu membamba anafunga, anaenda zake fizuri."

Macawiis ni kile kikoi ambacho wanaume wa kwetu hujifunga kiunoni. Kuanzia siku hiyo jina likashika mtaa mzima: browser ya Haji ikawa Macawiis, yangu ikawa Suti. Mimi nilicheka. Niliona ni wivu wa wazee.

Sasa njooni kwenye yenyewe.

Asubuhi moja akaingia mama mmoja, umri wa mama yangu mzazi, vumbi la safari limemjaa mpaka kwenye nyusi. Tumwite Dahabo. Alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi ya Dadaab kwa lori la mbuzi. Tuliongea Kisomali, kwa hiyo maneno yake nawatafsiria.

Alikuwa anamtafuta mwanawe, Hussein. Walipokimbia vita kule Somalia walipotezana njiani, mtoto akiwa bado hata hajavunja sauti. Miaka ilikuwa imepita mingi. Kambini alikuwa amesikia kwamba Wasomali walioko Ulaya wameweka kwenye internet orodha ya majina ya watu na ndugu zao waliopoteana.

Na alikuwa na haraka. Kaka yake alikuwa amechoka kusubiri. Lori la kuwarudisha ng'ambo ya mpaka lilikuwa linaondoka sokoni siku hiyo hiyo baada ya alasiri, na kule wanakorudi hakuna simu wala barua. Makubaliano yao yalikuwa hivi: jina likiwepo, anabaki. Lisipokuwepo, anapanda lori, na Hussein anaombewa dua kama wanavyoombewa marehemu.

"Hooyo, nitazamie," akaniambia.

Hooyo ni mama. Lakini kwetu mama naye humwita mtoto wake hooyo, jina linakwenda na kurudi. Basi akiniita hivyo, nami namwita hivyo hivyo.

Nikamwambia hooyo, kaa, hii ni kazi ya dakika moja. Dakika moja! Orodha ilifunguka kwa zaidi ya saa. Ilipokamilika nikabonyeza kitufe changu cha Tafuta, nikaandika Hussein Mohamed.

Hakuna.

Nikaandika Husein kwa S moja. Hakuna. Husen. Hakuna. Hussen. Hakuna. Niliona maneno mengine kwenye ukurasa yamejaa herufi X katikati, nikajisemea hawa jamaa wa Ulaya faili lao limeharibika njiani, herufi zimechanganyika. Mambo hayo yalikuwa yanatokea sana. Sikuyajali.

Mama akainama kwenye kioo changu. Kijani kwenye weusi, herufi ndogo kama mbegu za ufuta. Machozi yakamtoka.

"Mimi hapa naona giza tu," akasema. "Umeandikaje jina lake?"

Nikamwonyesha kwenye keyboard. H, U, S.

"Siyo hiyo," akasema. "Hussein anaanza na hii hapa."

Akanyoosha kidole akabonyeza X.

Mnakumbuka X nilikuwa nimeipa kazi gani. Dirisha likajifunga. Orodha yote, zaidi ya saa ya kusubiri, ikapotea.

Wakuu, naandika hili na nina aibu mpaka leo. Nilikasirika. Nikajisemea, masikini, hajui hata H. Na sikutaka kuanza upya. Nikamwambia: "Hooyo, mashine imesoma majina yote. Hayupo."

"Imesoma yote?"

"Yote."

Hakulia. Akasema alhamdulillahi, akafunga vizuri shashi yake kichwani, akauliza msikiti wa wanawake uko upande gani ili aswali kabla ya safari.

Ni Haji aliyemzuia. Alikuwa amesikia kila kitu akijifanya anahesabu karatasi za faksi. Akamwambia, "Dada yangu, mtu hawezi kufiwa kwa kusikia, angalau aone kwa macho yake." Akamvutia kiti mbele ya kompyuta yake, akamwagizia chai ya maziwa ya ngamia, kisha akanigeukia na kurudi kwenye Kiswahili chake cha kazi.

"Wewe. Fungua hiyo orodha kwa Macawiis. Halafu toa mkono yako."

Nikafungua. Nikatoa mkono. Ukurasa ukaja polepole, mweupe, herufi nyeusi kubwa.

Mama akaanza kusoma.

Nilikuwa nimeshaamua kichwani kwamba hajui kusoma, na hakuna aliyeniambia hivyo. Ni lile vumbi tu. Kumbe kwao alisomeshwa Kisomali darasani akiwa msichana, kusoma na kuandika. Alikuwa anaweka kidole kwenye kioo anasoma kwa sauti, mstari baada ya mstari, jina la mtu, jina la mama yake, mji anakokaa. Haji alimwonyesha mara moja tu namna ya kushusha ukurasa kwa ile mishale, hakurudia mara ya pili.

Nikainama pembeni yake. Kidole kiko kwenye Maxamed, yeye anasoma Mohamed. Kidole kiko kwenye Axmed, anasoma Ahmed.

"Hooyo," nikamuuliza, "hiyo X inasomekaje?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Hiyo ni ha. Ile ha ya kooni. Wewe ni Msomali wa wapi?"

Wa Garissa, ndiyo shida. Kisomali nakiongea tangu kunyonya, lakini shuleni kwetu tulifundishwa Kiingereza na Kiswahili. Kwenye kitambulisho changu mimi ni Mohamed, H kama dunia nzima. Kukisoma Kisomali sikuwahi kufundishwa hata siku moja. Hussein kwao ni Xuseen. Zile X nilizosema ni faili bovu zilikuwa ndiyo lugha yangu mwenyewe.

Na alikuwa amenionyesha. Alibonyeza herufi sahihi, mimi nilikuwa nimeifanya mlango wa kufungia.

Adhuhuri ikapita, alasiri ikakaribia. Lori likaanza kupiga honi sokoni, kaka yake akatuma mtu mara mbili. Mama anasoma tu. Haji akawaambia waliokuwa wanasubiri simu wakapige kwingine, na Haji nilivyomjua hakuwa mtu wa kufukuza mteja.

Kidole kikasimama.

Mama hakusoma kwa sauti. Nikanyoosha shingo. Kidole hakikuwa kwenye jina la Hussein. Kilikuwa safu ya pili, safu ya mama. Pameandikwa: Dahabo Jaamac.

"Huyu ni mimi," akasema.

Halafu, taratibu sana, akarudisha kidole safu ya kwanza. Xuseen Maxamed. Na mji wa mbali huko baridini, na namba ya simu.

"Ananitafuta," akasema. "Mimi ndiye niliyepotea."

Haji akatoka nje kwenda kuliambia lori liondoke. Alikaa huko nje muda mrefu kuliko unaohitajika kuliambia lori.

Mimi nilienda kukaa kwenye mashine yangu. Na hapo ndipo kitu kikanipiga. Dahabo ni Dahabo. Haina X, haina ha ya kooni, inaandikwa vilevile kwao na kwetu. Kama ningemuuliza mama huyu swali moja la adabu, wewe mwenyewe waitwa nani, nikaliandika kwenye kile kitufe changu, mashine ingempata papo hapo. Alikaa mbele yangu asubuhi nzima. Niliuliza jina la mtoto, jina lake yeye sikuuliza.

Haji alipiga ile namba mara tatu, mara ya nne ikapokelewa. Akampa mama mkono wa simu. Mama akasikiliza kidogo, uso ukabadilika, akaondoa simu sikioni akamwambia Haji kwa upole kwamba amepata mtu mzima, mwenye sauti nzito, na yeye anamtaka mwanawe.

Haji akamwambia: "Dada yangu, ndiye huyo."

Mama akairudisha simu sikioni.

Sasa somo, wakuu, halafu niwaachie uwanja.

Sitawaambia browser nyepesi ndiyo bora, nitakuwa mnafiki. Hapa ninapoandikia nimeichezea settings kiasi kwamba mke wangu akitaka kitu anatumia simu yake, na naipenda hivyo hivyo. Ya kwako mwenyewe, ifanye utakavyo.

Lakini ukiwa umekaa mahali ambapo watu wanakuja kwako kuulizia wapendwa wao, weka ile inayosomeka na kila mtu, geuza kioo upande wao, na utoe mkono. Na usiseme "hayupo" kwa sababu tu wewe umeandika jina kwa namna uliyofundishwa. Sema "sijampata". Maneno hayo mawili yamepishana sana, mimi niliyachanganya na mtu karibu apande lori.

Haya, uwanja ni wenu. Mnaotumia suti na mnaotumia macawiis, nani kati yenu amewahi kumwambia mtu hakuna, kumbe kipo, ila wewe ndiye hukujua kuuliza? Na kama kuna Msomali wa upande wetu aliyejifunza ile X ukubwani kama mimi, ajitokeze hapa chini, nisionekane mjinga peke yangu.