Niliandika 140 bila kumsikia mtoto: siku niliyojifunza ukunga, upande wa Nkololo

Wakuu, heshima kwenu wote, mnaochangia na mnaosoma kimya kimya.

Kuna dada kaanzisha uzi juzi anauliza wanafunzi wa ukunga huwa wanafundishwa nini hasa, maana yeye alihudumiwa na mwanafunzi na hakujua amwamini au amkatae. Nilianza kumjibu kule kule, jibu likawa refu kuliko uzi wake, nikaona nifungue wangu.

Haya yalinitokea mimi. Majina nimebadilisha na kituo sitakitaja. Sehemu kubwa ya kisa inaniumbua mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mimi ni mwanaume, muuguzi mkunga. Nimezaliwa Lamadi, mama yangu anauza dagaa. Chuo nilisomea huku huku Simiyu, nikapanga chumba Somanda.

Kabla hatujafika kwenye field, yale mazoezi ya vituoni: chuoni tunafundishwa mengi. Kupapasa tumbo ujue mtoto kalalaje. Kupima njia ya uzazi imefunguka kiasi gani. Kumzalisha mdoli wa plastiki mpaka umchoke. Kujaza patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, ambapo kila nusu saa unaandika mapigo ya moyo wa mtoto.

Na mapigo hayo, kama hakuna mashine, unayasikiliza kwa fetoskopu. Ni kitu kidogo kama tarumbeta ya kuchezea watoto. Upande mmoja unauweka kwenye tumbo la mama, upande wa pili unaweka sikio lako.

Tatizo langu lilikuwa hapo.

Mimi sikuwahi kusikia kitu. Mwaka mzima. Wenzangu walikuwa wakiinama mara moja tu wanatabasamu, "namsikia huyu hapa." Nikiinama mimi nasikia matumbo yananguruma, basi. Mara ya kwanza niliona aibu, nikasema nimesikia. Mara ya pili ikawa rahisi zaidi. Logbook yangu, lile daftari la mazoezi, ilisainiwa vizuri kabisa.

Mnielewe kidogo. Darasani wanaume tulikuwa wachache, na wodini kina mama wengine walikuwa wakiniona tu wanavuta kitenge. Nilijiona siwezi kumudu kuonekana sijui kitu. Huo siyo utetezi, nawaeleza tu kichwani mwangu kulikuwaje.

Mwaka wa pili nikapangwa kituo kimoja cha afya vijijini, upande wa Nkololo. Aliyekuwa akitusimamia leba nitamwita Sista Nkwimba. Mama wa makamo, mpole, hapigi kelele. Akikosoa anakosoa kwa sauti ya chini mpaka unatamani angefoka.

Asubuhi moja, kama saa tatu, ikafika bodaboda imebeba wanawake wawili. Mmoja ni mjamzito, nitamwita Limi, mimba ya tatu. Mwingine ni mama mkwe wake, Mama Masunga. Familia ya wafugaji, walikuwa wametoka mbali, wote wawili vumbi mpaka kwenye kope.

Sista akampima Limi, mimi nikiwa pembeni. Njia imefunguka sentimita tano. Mapigo ya mtoto akayasikiliza mwenyewe, yakawa mazuri. Mashine ya kusikilizia ilikuwa mbovu tangu wiki iliyopita, kwa hiyo tulikuwa na fetoskopu tu.

Kisha Sista akaitwa chumba cha pili, kuna mama alikuwa anatoka damu baada ya kujifungua. Akaniachia patografu. Akaniambia kila nusu saa nisikilize, na nikiona chochote nimwite.

Mama Masunga hakupenda. Akaniuliza kwa Kisukuma kama hakuna mwanamke hapa. Nikamwamkia vizuri, nikamwita mayu, kama tunavyowaita mama zetu, nikamwambia mimi ndiye niliyeachiwa kazi na naijua. Akaniangalia kutoka chini hadi juu, akakaa kwenye benchi, kanga kaikusanya magotini.

Nikainama. Nikasikiliza. Kimya.

Nikaandika 140.

Nusu saa ikapita nikainama tena. Kimya. Nikaandika 136, ili isifanane na ile ya kwanza. Ya tatu nikaandika 142. Wakuu, nilikuwa natunga kwa ustadi kabisa, mpaka vidoti kwenye karatasi vilipendeza.

Ila kuna kitu nilikiona na sikukielewa. Uchungu wa Limi ulikuwa unakuja kwa kasi ya ajabu. Mmoja haujaisha vizuri, mwingine umeshafika. Tumbo halipumziki. Nikajiambia ni mimba ya tatu, atazaa mapema. Nikamwambia hivyo hivyo, anaendelea vizuri.

Limi hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa amegeukia ukutani, anapumua huku kauma meno. Kati ya uchungu na uchungu akaniambia mtoto ametulia sana, asubuhi alikuwa anacheza. Akauliza kama nimemsikia.

Nikamwambia nimemsikia, yuko sawa.

Ukaja uchungu mwingine, ukapita. Akageuka. Akanishika mkono, hapa kwenye kifundo, akaniuliza tena taratibu, kwa Kisukuma:

"Ngosha, umemsikia kweli?"

Ngosha kwetu ni mwanaume. Wengi wanalitumia hilo jina kwa utani, yeye hakuwa anatania. Alikuwa ananiuliza kama mtu mzima anavyomuuliza mtu mzima mwenzake.

Sikuweza kusema ndiyo. Sijui kwa nini mara ile, wakati zile nyingine zote niliweza. Nikamwambia nakuja.

Nikamkuta Sista anatupa kitambaa cha damu kwenye ndoo, yule mama mwingine ameshatulia. Nikasimama mlangoni.

"Sista, sijamsikia mtoto. Tangu asubuhi sijamsikia hata mara moja."

Akanitazama. "Na ulichoandika?"

"Nimetunga."

Alinawa mikono, alinawa haraka lakini alinawa yote, mpaka kwenye viwiko, kisha akanipita mlangoni.

Akainama kwa Limi na fetoskopu. Sista alikuwa na tabia, akihesabu mapigo anagonga kidole kwenye shuka kufuata moyo wa mtoto. Siku zote kile kidole kinaenda mbio. Siku ile kilikuwa kinagonga, kinasubiri, kinagonga. Akahesabu dakika nzima akiangalia saa yake.

Tisini.

Kwa wasiojua, moyo wa mtoto tumboni haupaswi kushuka chini ya mia na kumi. Tisini maana yake mtoto anachoka.

Akamgeuza Limi ubavu wa kushoto, akaweka dripu, akampigia dereva wa gari la wagonjwa ajiandae kwenda Bariadi hospitali. Yote hayo ndani ya dakika chache. Halafu akanigeukia. Akasema hawa ndugu lazima waelezwe kinachoendelea, na mimi ndiye niliyewaambia mtoto yuko sawa, kwa hiyo nitawaeleza mimi.

Wakuu, nimefanya mitihani mingi. Hakuna uliokuwa mgumu kama ule.

Nikapiga magoti karibu na kitanda ili macho yangu yawe sawa na ya Limi. Nikamwambia zile mara zote nilizosema nimemsikia mtoto, sikuwa nimesikia. Nilidanganya. Sista amesikiliza sasa hivi, moyo unapiga polepole, na tunampeleka mjini, ambako anaweza kufanyiwa upasuaji. Nikamwambia mama mkwe pia, nikamtazama.

Nilisubiri kibao. Kwa kweli ningekipokea.

Mama Masunga akaiachia kanga magotini. Akaangalia sakafu. Halafu akasema, siyo kwangu, kwa Sista:

"Nami nilimpa dawa. Alfajiri, kabla ya pikipiki. Ya mizizi, ya kuharakisha. Nikamwambia asiseme, mtamfokea."

Limi alifumba macho.

Sista hakufoka. Akamuuliza kikombe kikubwa au kidogo, amempa mara ngapi, saa ngapi ya mwisho. Mama akajibu kila kitu. Vikombe viwili. Sista akapiga simu hospitali akawaambia yote, pamoja na dawa, ili wajue kwa nini tumbo halipumziki na wajiandae kumpokea.

Ndiyo nikaelewa ule uchungu uliokuwa unakimbizana. Tulikuwa watu watatu chumba kimoja tangu saa tatu, kila mmoja kaficha chake, na mtoto ndiye alikuwa anabeba.

Safari sasa. Kwenye gari Limi kalala ubavu, Sista kainama upande wa kichwani kashika dripu juu, mkono mwingine kamshikilia mgonjwa asiteleze, maana barabara mnaijua. Mama Masunga mbele na dereva. Mimi nilibanwa upande wa pili, goti moja kwenye bati.

Katikati ya njia Sista akamwambia dereva asimame na azime injini. Alitaka kusikiliza mtoto. Lakini mikono yake yote ilikuwa na kazi. Akanipa fetoskopu.

"Sikiliza. Ukisikia sema. Usiposikia sema."

Kwa jinsi nilivyobanwa pale sikuweza kukaa kama tulivyofundishwa, kwamba uangalie miguu ya mama. Nilielekea usoni kwake, na sikio nililoweka lilikuwa la kulia. Kawaida lilikuwa la kushoto.

Nikasikia.

Sijui niwaelezeje. Ni kama mtu anakunja ngumi na kugonga mto wa pamba, mbali, nyuma ya ukuta. Nikaanza kuhesabu kwa sauti kwa kuogopa nitapotea. Nje upepo tu na ng'ombe wanapita na kengele zao. Sista anaangalia saa. Limi ananiangalia mimi.

"Mia na nne," nikasema. "Nimemsikia. Mia na nne."

Sista akamwambia dereva aondoke. Limi akaanza kulia, bila sauti, machozi yanashukia kwenye shuka. Mimi pia, sitaficha.

Bariadi walitusubiri mlangoni. Alipelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji. Tulikaa nje kwenye benchi, mimi na Mama Masunga. Akatoa karanga kwenye fundo la kanga akanigawia. Tulikula karanga.

Mtoto alitoka hai. Wa kike. Hakulia mwanzoni, walimsaidia kupumua, akalia baadaye kidogo kidogo. Alikaa wodi ya watoto wachanga siku kadhaa, akaanza kunyonya, wakaruhusiwa.

Mimi je?

Sista alinikalisha na ile patografu. Akaniagiza nipitishe mstari mmoja juu ya kila namba niliyotunga, ule mstari wa kuacha namba isomeke, kisha niandike "haikusikika" na sahihi yangu. Hakuruhusu nichane karatasi wala nianze nyingine. Akaripoti chuoni. Niliitwa, nikapewa onyo la maandishi, nikarudia rotation nzima ya leba, yaani kipindi chote cha mazoezi ya kuzalisha, wakati wenzangu wanasonga mbele. Ilikuwa haki.

Akanipeleka pia kwa daktari wa masikio. Ngoma ya sikio la kushoto ina tundu, sikio hilo lilitoka usaha sana utotoni. Nilikuwa najua simu naweka kulia, sikuwahi kujiuliza kwa nini. Mwaka mzima wa uongo, na dawa yake ilikuwa kuhama upande wa kitanda.

Siku ya tatu nilienda kumwona Limi wodini. Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Alikuwa anamnyonyesha mtoto, akamhamishia titi la pili. Kisha akasema:

"Ungesema asubuhi kwamba hujasikia, mimi ningekuambia nilichokunywa."

Hayo maneno nimeishi nayo.

Sasa hivi nipo kazini upande wa Meatu, si mbali na Bukundi. Kina mama wengi wanaokuja wamekunywa kitu nyumbani. Huwa siwaulizi kwa kuwategea. Naanza kwa kuwaambia mimi sikio moja halisikii, kwa hiyo wasishangae nikizunguka kitanda. Wengine wanacheka. Wengi baada ya hapo wananiambia wamekunywa nini na saa ngapi.

Kwa hiyo dada yangu wa ule uzi, jibu langu ni hili. Mwanafunzi anafundishwa mikono, macho na masikio, na hayo atayajua kwa muda. Cha kwanza anachopaswa kujua ni kusema "sijasikia, naomba mtu mwingine asikilize." Mwanafunzi akikuambia hivyo, usimwogope. Wa kuogopa ni yule niliyekuwa mimi.

Wiki iliyopita nilikuwa na binti wa mwaka wa kwanza. Aliinama muda mrefu, akainuka uso umemshuka, akasema kwa sauti ndogo kwamba hajasikia kitu. Nilimpisha upande wangu, nikamshika bega, tukamtafuta mtoto pamoja mpaka tukampata.

Wauguzi, madaktari, walimu, mafundi, wote mlio humu: kama uliwahi kuandika kitu ambacho hukukiona wala kukisikia, andika hapa ilikuwaje, bila kutaja mahali. Na kina mama mliowahi kuhudumiwa na wanafunzi, mtuambie mlitamani wawaambie nini. Nasoma kila comment, hata za kunisema. Hizo nazo nimezitafuta.