Udongo Niliomeza Mgodini

Chekeni tu jamani, mimi mwenyewe nikiikumbuka siku ile najificha uso hata nikiwa peke yangu, maana si kila mwanamume amewahi kukalishwa kwenye ndoo na askari mwenye rungu kwa sababu ya ujauzito.

Nilikuwa kibarua kwenye mgodi mmoja wa almasi kule upande wa Songwa, enzi za Mwingereza, kazi yangu kupakia changarawe kwenye mashine ya kuoshea. Sasa nikaanza kuumwa, na ugonjwa wenyewe siuelewi: asubuhi natapika, harufu ya dagaa inanifukuza jikoni, mchana nasinzia nimesimama, jioni mzima kabisa nakwangua sufuria. Malaria? Homa sina. Nimerogwa? Nani ahangaike kumroga kibarua asiye na hata ng'ombe mmoja! Kilichonituliza ni kitu kimoja tu, ule udongo mkavu wanaotafuna akina mama (nilikikuta kipande kwenye pindo la kanga ya mke wangu Kabula, wala sikujiuliza kinafanya nini pale).

Ningekwenda kwa nyapara nikaomba ruhusa ya ugonjwa, yangeishia hapo. Lakini nyapara wetu ukiumwa mara ya pili anakuambia kapumzike moja kwa moja, na vijana wa kuchukua nafasi yako wamejaa langoni. Nikaona bora nijikaze, nikatia udongo wangu mfukoni, nikaenda kazini.

Basi kichefuchefu kikanipanda nikiwa mbele ya changarawe, nikainama, nikachomoa kile kipande, tia mdomoni, meza. Mgodini pa almasi! Mbele ya askari! Sijafuta hata mdomo, nimeshakabwa shingo.

"Tema!"

"Nimeshameza, afande."

"Umemeza nini?"

"Udongo."

"Mwanamume mzima unakula udongo?"

Hata mimi nilikuwa najiuliza hilo hilo. Nikaburutwa mpaka dispensari, dresa, yule mfunga vidonda, akaninywesha mafuta ya mbarika ya kuharisha, nikakalishwa kwenye ndoo nyuma ya jengo, askari kanikodolea macho, na nyapara ananieleza polepole jinsi wezi wa almasi wanavyofungwa. Akaeleza mpaka nikaanza kujishuku mwenyewe, labda kweli nimeiba!

Nikalia kwamba naumwa, wakatuma mtu amlete mke wangu aje aseme kama ni kweli. Na nani anakuja? Mama mkwe! (Alikuja kumtembelea binti yake, ndiye aliyekutwa nyumbani.) Sisi Wasukuma mkwe ukimwona njiani unapita porini, leo huyo ananikuta kaptula iko magotini. Nikajifunika uso kwa kofia, sijui kwa nini uso.

Akageukia ukutani, akamwambia nyapara, "Yaya, hapana, huyu si mwizi. Mke wake ana mimba, yeye ndiye anayeiumwa."

"Mimba gani, mayu, mama yangu?" nikauliza kutoka kwenye ndoo.

Kumbe Kabula alinificha. Ile ya kwanza ilitoka, akaogopa kuitaja hii mpaka tumbo lionekane. Mimi sijui nicheke au nilie, nikafanya yote mawili, na mafuta ya mbarika hayasubiri mtu afurahi kwanza. Ndoo ikachunguzwa (aliyeichunguza namwonea huruma hadi leo), jiwe hamna.

Nyapara akakuna kichwa, akamtazama dresa, dresa akatazama juu. Mwisho nyapara akasema, "Kazi yako ipo. Nenda ukapumzike wiki nzima, mjamzito hatakiwi kuinama."

Watu wakaangua kicheko, nikatoka langoni naitwa Mama Kijacho.

Kufika nyumbani namkuta Kabula, mwenye mimba yake hasa, kainama shambani na jembe, jua la utosi, na hakuna aliyempa ruhusa ya hata kunyoosha mgongo. Wallahi, aibu niliyoipata pale ilizidi ile ya kwenye ndoo. Nikamnyang'anya jembe, nikaapa: nikisikia tena kichefuchefu, udongo siugusi, namuuliza kwanza mke wangu, na kulima nalima mimi, nitapike nisitapike.