Salamu za Ngazini

Mama Habari hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wapangaji wenzake, maana katika jengo zima hapakuwa na mtu mwenye salamu ndefu kama zake. Akirudi na jora la kitambaa begani, kwa kuwa alikuwa fundi wa mapazia, alianzia chini kwa fundi saa: habari za kazi, habari za mke, na ile saa iliyokuwa ikirudi nyuma, imekubali? Ghorofa ya pili alibisha kwa mwalimu mstaafu, akaulizia mgongo wake, kisha paka wake, kisha kama paka amemaliza dawa ya minyoo. Hadi afike kwake ghorofa ya nne, kila mlango umesalimiwa.

Watu aliwapenda, hilo halina ubishi. Lakini pale ngazini alikuwa anatafuta pumzi. Akipanda, kifua kinabana na miguu inakuwa mizito, na salamu ilimpa nafasi ya kusimama bila mtu kumwonea huruma. Huruma hakuitaka hata ya bure.

Mwanawe alikuwa ameshasema: siku ngazi zikikushinda, unahamia kwangu. Kwa mwanawe palikuwa pazuri, chini kabisa, na wajukuu tele. Ila chumba alichotengewa kilitazama ukuta wa jirani. Huku juu alikuwa na dirisha pana, na mbele ya dirisha cherehani yake. Bila mwanga ule asingeona uzi, na bila uzi angekuwa mgeni wa kungoja kuitwa mezani. Hilo hapana.

Zamani kidogo aliugua homa ya ini aina ya C. Alimeza vidonge mpaka virusi vikaisha, akatamba mtaa mzima. Lakini ini lilishabaki na makovu, ndiyo maana kliniki walimwita kila mara. Safari hii mwanawe alimsindikiza, na daktari, binti mpole mwenye macho yasiyopepesa, akaanza habari za moyo.

"Mwanangu, mimi naumwa ini," akasema Mama Habari. "Moyo umeutoa wapi?"

"Vinakaa nyumba moja, mama. Aliyepata homa hii, hasa akiwa na ini la makovu, moyo wake nao uko hatarini. Tena moyo unadanganya: ukikaa hivi umetulia, ukiupa kazi unachoka. Ukipanda ngazi unaishiwa pumzi?"

"Mimi? Napanda kama mbuzi."

Mwanawe akacheka. Alijivunia mama yake. "Anachelewa kwa salamu tu, daktari. Kila ghorofa anasimama. Juzi nimemsubiri juu mpaka nikasinzia, kumbe yuko kwa mwalimu anauliza habari za paka."

"Na akishuka?"

"Akishuka hata simwoni. Anapita kama upepo."

Daktari akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo paka ana habari wakati wa kupanda tu."

Mama Habari akageukia pazia la dirishani, akalikagua. Lilikuwa limeshonwa vibaya. Mwanawe kicheko kikamwishia mdomoni.

"Mama."

"Usiniite kwa sauti hiyo. Nilikubeba tumboni bila kusimama popote."

Walimbandika nyaya kifuani, wakamtembeza juu ya mashine. Mwanzoni aliwapa wauguzi ushauri wa mapazia. Mashine ilipoinuka kidogo, ushauri ukakatika njiani. Vipimo vilivyofuata vilionyesha mshipa wa moyo umeanza kubana.

"Basi naleta gari tuhamishe vitu," akasema mwanawe.

"Hamisha na dirisha."

Daktari aliwaacha wagombane kidogo. "Ngazi hazina kosa," akasema. "Atapumzika kwanza, dawa zifanye kazi. Nitazipanga na daktari wa ini, maana ini lake halibebi kila kidonge. Chumvi ipungue. Akipata nafuu atapanda polepole, bila mzigo. Lakini mama, pumzi ikikatika, unasema. Ukinificha tena, cherehani naibeba mimi."

Mama Habari akampenda papo hapo. Huyo alijua kutisha.

Alikaa kwa mwanawe mpaka daktari aliporidhika, akishona vifungo na kulalamikia ule ukuta. Siku ya kurudi, majora yalitangulia kupitia dirishani: fundi saa akifunga kamba chini, jirani akivuta juu. Yeye akapanda taratibu, mwanawe nyuma yake akimsikiliza pumzi. Akampita fundi saa kwa kupunga mkono. Akapita ghorofa ya pili.

Mlango ukafunguka. "Mama Habari," akasema mwalimu, paka kifuani, uso umemshuka, "nimekukosea nini?"

Akasimama.

"Mama, pumzi?" mwanawe akadakia.

"Pumzi ninayo. Nasalimia."

"Kweli?"

"Mwalimu, mwambie."

Mwalimu akamtazama usoni kama anasahihisha mtihani. "Anasalimia," akasema. "Ila paka hajaulizwa."

Kesho yake, akienda kununua uzi, akabisha tena pale. Mwalimu akachungulia ngazi, akashangaa.

"Lakini leo unashuka."

"Kwani paka hana habari za asubuhi?"