Majibu Yalihamia Bunda

Mtanivumilia kwa mwandiko huu uliopinda na herufi zitakazoruka. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, na kila mstari nainuka kuchungulia mabasi nje.

Enzi zetu Musoma sabuni iliadimika, tukafulia majani ya mpapai. Kitabu cha Kiingereza kilikuwa kimoja darasa zima, mwalimu akakichana. Kila dawati lilipewa kurasa zake, tubadilishane Ijumaa. Basi kila dawati likawa na Kiingereza chake: wa mbele walijua mambo ya jana tu, wa dirishani wanyama na rangi. Sisi tulipata maswali ya sarufi na tahajia. Majibu yalikuwa kwenye dawati la rafiki yangu Bhoke.

Kabla Ijumaa haijafika, baba yake Bhoke akapata kazi kwenye pamba, Bunda. Wakapanda lori, kurasa zikiwa mkobani mwake.

Mtihani wa darasa la saba ulikaribia. Kumwuliza mwalimu niliona aibu. Ufukweni Mwigobero, tukianika dagaa na kufukuza kunguru, tulibishana wenyewe.

"Hiyo ina 'l' mbili!"

"Moja! We umeiona wapi?"

Hakuna aliyeiona popote. Baba alisemaga, "Kiingereza hakiliwi, lakini ukikikosa utaanika dagaa hizi mpaka uzeeke." Usingizi ukaniruka.

Mama alipokwenda gulioni Bunda, nilimsihi amtafute Bhoke. Siku hiyo sikutulia. Kila basi lililotoka huko nililikimbilia. Mwishowe akashuka, mikono mitupu.

"Mama, hukumpata?"

"Nimempata, anakusalimia sana. Majibu anayo, anayasomaga kama sala, ila hajui aliulizwa nini. Amekataa kuyatoa. Kasema umpelekee maswali kwanza."

Mtihani ukafika kabla mama hajarudi tena Bunda. Hatukuchaguliwa kwenda sekondari, si mimi, si Bhoke.

Siku hizi watoto wa hapa Bweri kila mmoja ana kitabu chake, maswali na majibu humohumo. Wanachungulia jibu kabla ya kusoma swali, kisha wanacheka matamshi yangu. Nawaonea wivu, sikatai. Ila mwenzao akihama, hata hawageuki kumtazama. Sisi, mtu akihamia Bunda, aliondoka na nusu ya akili yako, nawe ukabaki barabarani unahesabu vumbi la mabasi.

Na wewe uliyesoma miaka ile, dawati lenu lilipewa kurasa zipi? Niandikie, hata mistari miwili.