Malalamiko Kutoka Ng'ambo ya Daraja

Wageni wanaofika hapa El Paso, mji wa Marekani ulio mpakani, huniuliza wale wapi na wanywe wapi. Jibu langu ni moja tu: kuleni huku, kanyweni kule. Huku ni kwa Doña Chencha, yaani Bi Chencha, mgahawa wenye meza sita na mlango wa kijani, karibu kabisa na daraja. Kule ni kilabu cha Anselmo, upande wa Juárez, Mexico, ukishuka tu darajani, mkono wa kushoto. Ni mwendo mfupi kwa miguu. Lakini katikati umekaa mpaka wa nchi mbili, na Chencha na Anselmo walikuwa mke na mume.

Jina kamili la Chencha ni Crescencia Zubía. Alivuka mto akiwa na mimba kubwa, zamani, wakati watu walipovuka kwa kupandisha suruali magotini. Akamzaa binti, Otilia, upande huu, akashona suruali kiwandani mpaka vidole vikapinda. Kiwanda kilipofungwa na mashine kuhamishiwa kwenye nchi za mishahara midogo zaidi, yeye na Anselmo wakafungua mgahawa. Anselmo alikaa mlangoni akitania wateja. Chencha alikaa jikoni.

Asubuhi moja Anselmo alitoka kununua vitunguu, akakamatwa, akarudishwa ng'ambo kwa kukosa karatasi za ukaaji. Chencha naye hakuwa nazo, ila yeye siku hiyo hakutoka kwenda sokoni. Tofauti yao ilikuwa hiyo tu. Mimi nimesoma sheria chuo kikuu, nimefaulu mitihani ya haki za binadamu, na mpaka leo sijaona ukurasa unaoeleza kwa nini vitunguu vigawanye nyumba ya mtu.

Maombi ya karatasi za Chencha yalikuwa yameshapelekwa. Mwanasheria alimwambia, "Mama, ukikanyaga ng'ambo ya lile daraja, faili linakufa. Hutarudi." Basi akangoja. Alingoja miaka kumi na mmoja, na daraja akiliona kila anapotoka kumwaga maji ya vyombo.

Ndipo ulipoanza mtindo wetu. Kila mchana alifunga sahani ya chakula cha mumewe kwenye kitambaa alichokitarizi ndege wa bluu: nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa pilipili nyekundu, maharage, na chapati laini za ngano. Mteja yeyote aliyekuwa akivuka kwenda kunywa aliubeba mzigo huo. Anselmo alimlipa mbebaji glasi ya kwanza ya sotol, ile pombe kali ya mmea wa jangwani, kisha akakirudisha kitambaa kikiwa kimefuliwa, pamoja na lalamiko. Lalamiko halikukosa hata siku moja.

Mbebaji mkuu alikuwa Fermín, fundi wa buti, rafiki wa Anselmo tangu ujana. Akirudi, mgahawa mzima ulinyamaza kumsikiliza.

"Haya, amesema nini yule mzee?" Doña Chencha aliuliza, mkono kiunoni.

"Shemeji, anasema nyama ya leo niipeleke karakana. Nitapata soli mbili."

"Mwambie meno yake ndiyo yamekwisha, si nyama yangu!"

"Na chapati, anasema, uliikanda kwa miguu."

"Miguu ipi? Hii aliyokuwa akiibusu?"

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Naye akageukia jiko, mabega yakimtikisika, na kesho yake chapati zilikuwa laini kama shavu la mtoto. Anselmo akalalamika kwamba zimekuwa laini mno.

Mwaka huu, pepo za vumbi zilipoanza, nilimkuta Anselmo hayupo kaunta. Alilala chumba cha nyuma, dada yake Ramona akimshikia beseni. Mapafu. Alikuwa amebaki macho na mifupa. Sahani tuliyoleta mimi na Fermín aliisogeza pembeni.

"Apeni," alisema, akihema. "Chencha asijue. Akijua atavuka. Akivuka, miaka yote hii tumeitupa mtoni."

"Lakini mzee, ni haki yake kujua," nilisema.

"Haki!" Alijaribu kucheka, kikohozi kikamzuia. "Haki zako zipeleke darajani, zikarudishwe kama mimi nilivyorudishwa."

Tukaapa. Otilia, binti yao, wakati huo alikuwa akifanya kazi mbali, mjini Denver, naye hakuambiwa. Tuliendelea kubeba sahani, Ramona akikirudisha kitambaa safi. Njiani Fermín alibuni lalamiko: leo chumvi, kesho mafuta. Alikuwa hodari wa kubuni. Lakini siku moja tulimkuta Anselmo hamjui hata dada yake. Njiani kurudi Fermín hakubuni lalamiko lolote. Tulipoingia mgahawani, Doña Chencha alikuwa akisukuma chapati.

"Haya, leo nimekosea nini?"

Moyo ulimwambia Fermín hawezi kumtilia maneno ya kejeli kinywani mtu anayekata roho. Alitaka kumpa yule mama kitu kizuri cha kubaki nacho.

"Amesema kitamu, shemeji. Kitamu sana. Amekushukuru."

Mti wa kusukumia ulisimama.

"Nani amesema?"

"Anselmo."

"Anselmo amesema kitamu?"

Mteja mmoja aliweka kijiko chini polepole.

"Fermín, sikiliza. Chakula cha harusi yetu nilipika mwenyewe. Mbele ya padri yule mtu akasema maharage yameungua. Nilipomzaa Otilia nikaamka kitandani nikampikia supu, akasema ya mama yake ilikuwa bora. Hajawahi kunishukuru, na sikutaka anishukuru." Alijifuta unga mikononi. "Yuko wapi? Bado anapumua?"

Fermín alivua kofia. "Kwa shida, shemeji."

"Doña," nilisema, "karatasi zako. Mwanasheria alisema..."

"Msomi, zima jiko la nyuma."

Alivua aproni, akachota mchuzi akautia kwenye kopo lenye kifuniko, akalifunga kwa kile kitambaa cha ndege. Hakuchukua nguo wala picha. Tukamfuata.

Kutoka, hakuna anayekuuliza kitu. Unatumbukiza sarafu, chuma kinazunguka, umepita. Foleni ndefu ni ya upande wa pili, ya wanaoingia. Katikati ya daraja kuna kibao cha mpaka. Alisimama, akatazama chini, kwenye mfereji wa saruji tunaouita mto.

"Ni hapa tu?" aliniuliza.

"Ni hapa tu."

"Padogo hivi." Akapita.

Ramona alipomwona alipiga kelele. Doña Chencha aliketi kitandani, akamwinua Anselmo kichwa, akampa kijiko cha mchuzi. Mchuzi ulimtiririka shavuni. Akaufuta kwa kitambaa.

"Chumvi imezidi, eti?" alimwambia. "Sema basi. Sema imezidi." Anselmo alifumbua macho, akamtazama. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. "Na pilipili hakuna kabisa," aliendelea mwenyewe, kwa sauti ya mumewe, ile ya kubeza. "Mwanamke gani huyu hajui kupika!" Aliendelea hivyo, akijilaumu kwa niaba yake, sahani kwa sahani, huku sisi tukiwa tumegeukia ukuta.

Anselmo alifariki siku ya vumbi kubwa, milima ya pande zote mbili ilipokuwa haionekani. Tulimzika, na niliporudi darajani nilimfokea askari wa mpaka, nikamwambia kila nilichosomeshwa na nisichosomeshwa. Fermín alinivuta mkono wa shati. Askari alitazama kitambulisho changu, akasema, "Pita, wengine wanangoja."

Faili la Doña Chencha lilifungwa, kama alivyoambiwa. Sasa anakaa kilabuni, mwanamke ambaye hajawahi kuonja pombe, akimimina sotol nyuma ya kaunta ya mumewe. Mgahawa wa huku anaoupenda hatauona tena. Otilia aliacha kazi Denver, akaja kuushika. Anapika kwa kukumbuka mikono ya mama yake.

Kwa hiyo wageni, kuleni huku, kanyweni kule, na mkivuka bebeni mzigo wenye ndege wa bluu. Nami huubeba mara nyingi. Ninaporudi Otilia hukipokea kitambaa kabla sijaketi, na hanisalimu kwanza.

"Mama amelalamika?"

"Amelalamika. Anasema maharage ni mawe."

Ndipo anapovuta pumzi, akarudi jikoni.