Bandeji Mdomoni mwa Korongo

Mimi ni muuguzi wa zahanati moja huku Kasulu, na siku za mapumziko napiga picha korongo wakiruka. Kwa miezi nilimvizia mmoja, mkubwa, mwenye upara. Jumapili moja akapita juu ya mashamba ya mihogo, mabawa yametanda, nikampata! Nikaikuza picha. Mdomoni alining'iniza bandeji yenye usaha. Nikamtukana: ndege gani huyu asiye na kinyaa! Kisha nikaona kwenye bandeji madoa ya dawa ya rangi ya zambarau, ile tunayopaka vidonda pale zahanati. Kidonda kilichofungwa bandeji ile nilikisafisha mimi, Ijumaa, na bandeji nikaitupa kwenye shimo la taka nyuma ya zahanati bila kuichoma, kwa sababu nilikuwa nawahi nyumbani kuchaji kamera.