Kopo Ndani ya Sanduku la Nesta

Nesta alianza biashara Tunduma kwa kubeba beseni la nati za magurudumu, akizunguka foleni ya malori. Leo ana duka la vipuri lenye rafu tisa, na hakuna aliyempa hata moja. Zote zimetokana na mdomo wake: taja bei, ondoka, rudi, ongeza kidogo, chukua.

Mdomo ulishindwa jambo moja tu, kukumbuka kitu kiko wapi. Basi akajifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa video za kwenye simu, akaliandika duka lilivyo: rafu, ndani yake masanduku, ndani ya kila sanduku vipuri. Ukitaja kipuri, programu inapita rafu moja moja, inafungua kila sanduku, inasoma majina, inakujibu.

Jirani yake Yonasi, naye muuza vipuri, alicheka. "Dada Nesta, rafu zangu ziko kichwani. Kichwa hakiombi chaji."

Jumatano akaja Clever, fundi wa malori ishirini ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Alisalimu kwa Kibemba, akimwita Nesta mama.

"Mulishani, bamayo. Nimechoka kuzunguka, nataka duka moja la kupigia simu kila wiki. Natafuta sili ya habu ya nyuma. Yonasi nimeshamwambia. Atakayeniwekea mkononi kwanza, ndiye wangu."

Nesta akaandika jina la mpira huo wa kuzuia grisi kwenye gurudumu. Jibu likaja: HAIPO.

Haipo vipi, na aliifungasha kwa mikono yake? Mlango wa pili, Yonasi alishamwaga magunia mawili chini, vyuma vinalia hadi barabarani.

"Nipe dakika kumi."

"Tano, bamayo."

"Nane, na soda juu yangu."

"Saba. Na soda iwe ya baridi."

Hakukimbilia rafuni. Masanduku sabini hayafunguliwi kwa dakika saba. Aliiagiza programu iandike kila jina inalolisoma. Rafu ya sita, sanduku la bluu: bolti, beringi, kopo la maziwa.

Kopo! Vitu vidogo huvitia kwenye makopo matupu ya maziwa ya unga visipotee, na kwenye kompyuta aliviandika hivyo hivyo. Programu ilifungua rafu, ikafungua sanduku, ikafika kwenye kopo, ikadhani nalo ni kipuri, ikapita. Kosa halikuwa lake. Nesta ndiye aliyeiambia ifungue mara mbili tu.

Angeweza kuiongezea mara ya tatu. Lakini anajijua: kesho angetia kifuko ndani ya kopo. Akaandika upya, mistari sita: kila unachokikuta, kiulize, wewe ni kipuri au ni chombo? Kikiwa kipuri, soma jina. Kikiwa chombo, kifungue, uanze kuuliza vilevile humo ndani, mpaka vyombo viishe.

Rafu ya sita, sanduku la bluu, kopo la maziwa. Zipo nne. Nesta akachomoa moja, akamtia Clever mkononi.

Soda ya Clever ilikuwa haijafika nusu. Aliigeuza sili, akasoma namba yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Haya. Kuanzia wiki ijayo nakupigia wewe kwanza."

"Kwanza hapana. Mimi tu. Nikikosa, nitakutajia mwenyewe uende kwa nani."

"Ee bamayo, wewe mgumu!" Clever alicheka, akaiandika namba ya Nesta.

Yonasi akatokea mlangoni, grisi hadi kwenye viwiko. "Dada, na duka langu utaliingiza humo kwenye programu?"

"Itategemea," Nesta alisema. "Humo kichwani mna rafu ngapi?"